Kimepimwa kwa Mkono

Nyuma ya soko la vifaa vya umeme, pale uchochoro unapopinda kuelekea mabweni ya wafanyakazi, kuna benchi lililong'olewa kwenye kituo cha basi kilichobomolewa, viti vitatu vya plastiki, na meza ya chai ya Dakta. Hicho ndicho kijiwe. Ulikuwa mwezi wa tatu, ule msimu wa jiji la Shenzhen, kusini mwa China, ambao kuta zinatoa jasho na soksi inakaa siku nne kwenye kamba bila kukauka. Wazee wa kijiwe ni wanne, wote watu wa pwani ya Chaoshan kama mimi, na kwetu chai hunywewa kali, kwenye vikombe vidogo kama ganda la yai, na vikombe ni vitatu tu hata mkiwa kumi. Asiyepata hungoja zamu. Anayengoja huongea. Ukitaka kujua kwa nini wanaume wa kwetu wana maneno mengi, anzia kwenye hesabu ya vikombe.

Dakta anatengeneza simu, na kibanda chake ndicho kinachotoa maji ya moto. Asilimia ana nyumba mbili za kupangisha na hana kazi nyingine. Kila neno lake lina asilimia ndani, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipiga hesabu. Sumaku anauza mota, zile ndogo za ukubwa wa punje ya karanga. Na Tepu, mnene, mpole, mwepesi wa kucheka, ana karakana ya vikandio upande wa pili wa uchochoro.

Kikandio ni kidude cha ukubwa wa yai la bata. Hakina betri. Kina waya mfupi. Unauchomeka kwenye simu, simu inakigawia umeme, unakiweka shingoni nacho kinatetemeka mpaka simu ichoke. Watu wa maofisini wanavigombania. Kila kimoja kinatoka karakanani kwa Tepu kikiwa na karatasi ya maandishi ya dhahabu: KIMEPIMWA KWA MKONO WA BINADAMU.

Mkono huo ni wa shangazi yangu, A-Lang.

Tangu sikukuu ya mwaka mpya, mkono huo ulikuwa umekataa vikandio vya kujaza maboksi thelathini na nane. Tepu alikuwa ameshahukumu: mota ni mbovu, na mota zilitoka kwa Sumaku. Saa kumi na moja jioni lingekuja guta la umeme, la magurudumu matatu, kubeba maboksi yote kuyarudisha ghalani kwa Sumaku, na biashara yao ya miaka tisa ingeishia hapo. Ilikuwa saa kumi na nusu. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, magoti yakigusana, kwa sababu guta lilikuwa halijafika na chai ilikuwa tayari.

— Si kwa ubaya, Sumaku, — alisema Tepu. — Wewe ni ndugu yangu. Mwanao namwita mwanangu. Lakini mota zako zimekufa.

— Mota haifi, kaka. Mota inauawa.

— Nani kaziua? Mimi?

— Sijasema wewe. Nimesema zilitoka kwangu zikiwa hai. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Sasa hapo mgema nani na tembo lipi?

— Methali haijibiwi, — alisema Sumaku, akapokea kikombe.

Nilikuwa nimekuja kumletea shangazi uji wa mchele na figili za chumvi, kama kila Jumatano, siku ambayo sina kipindi cha mchana chuoni. Nilikaa pembeni ya benchi. Nikasema jambo ambalo niliona ni la kawaida kabisa:

— Si mfungue boksi moja muone?

Wanne wote walinitazama kama nimevua viatu msibani.

— Binti, — alisema Dakta kwa upole, — tepu ya njano haifunguliwi.

Niwaeleze, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuamini. Bidhaa mbovu hufungwa kwenye boksi, boksi hupigwa tepu ya njano. Kuanzia hapo, aliyenunua mota akilifungua, muuzaji anasema umeharibu wewe. Muuzaji naye akilifungua, kwa desturi ya soko, ameshakubali kwamba ni bovu na ni lake. Kwa hiyo maboksi thelathini na nane yalikuwa yamepangwa ukutani karakanani kwa Tepu, na hapakuwa na mtu duniani mwenye ruhusa ya kutazama ndani. Chuoni, kwenye midahalo yetu, mtu akija na hoja aliyoifungia hivyo tunamcheka. Sokoni wanauita utaratibu.

— Na isitoshe, — Tepu aliongeza, — aliyepima ni A-Lang. Alichokataa A-Lang kimekataliwa. Mwaka ule wa mafuriko si ndiye aliyegundua mzigo mzima ni mbovu wakati mashine ya jirani imeupitisha? Mkono haudanganyi.

— Basi tujiulize, — alisema Asilimia, akakunja mguu. — Kwa nini mota zinakufa? Mimi nawaambia, asilimia sabini ni unyevu huu. Ukuta unatoa jasho, mota isitoe? Mota ikilowa inaona haya.

— Inaona haya!

— Inaona haya. Umewahi kuona mtu aliyelowa akicheza ngoma?

— Mwaka jana kulikuwa na unyevu vilevile, — alisema Sumaku. — Hazikuona haya.

— Mwaka jana zilikuwa changa.

Dakta alitikisa kichwa. Yeye ni mtu wa simu, na kwake kila kosa la dunia huanzia kwenye simu.

— Nyinyi mnailaumu mota. Mota ni mlaji tu. Mtazameni anayepakua. Simu za siku hizi ni bahili. Zamani ulichomeka chochote, simu inatoa. Sasa inakuuliza kwanza: huyu unamwamini? Ukimwambia namwamini, inatoa nusu. Nusu nyingine inajiwekea.

— Inajiwekea wapi?

— Ndani huko. Nimefungua simu elfu kumi mimi. Kuna mahali pana joto ambapo hapana kitu. Mnadhani joto lile linatoka wapi? Haba na haba hujaza kibaba.

— Karakanani wanapimia simu kuukuu, — nilisema. — Zilezile za mwaka jana.

— Ndiyo hizo! Mzee ndiye bahili zaidi.

Walicheka, Sumaku peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama mdomo wa uchochoro, kule guta litakapotokea.

Shangazi alitoka karakanani kwa mapumziko yake ya robo saa. Ni mwanamke mfupi, nywele amezibana kwa kibanio cha plastiki, aproni ya buluu hadi magotini. Nilimpa uji. Aliuweka kando, kama kawaida yake, akaenda mezani kwanza kuwasafishia wanaume vikombe. Kuosha vikombe kwetu ni ufundi: unakilaza kikombe kimoja ndani ya kingine chenye maji yaliyotoka kuchemka, unakizungusha kwa ncha za vidole, mara tatu, haraka, kabla hujaungua. Dakta huzungusha huku akipuliza. Asilimia hajaribu kabisa. Shangazi alizungusha polepole. Alikuwa akiongea na mimi, akiniuliza mitihani inaanza lini, na vidole vyake vikiwa ndani ya maji yale.

— Mwoneni, — alisema Tepu kwa fahari. — Mikono ya chuma! Huyo ndiye fundi chai wa kweli. Vijana wa leo wanatumia koleo.

— Asilimia tisini na tano ya ladha ni vidole, — alisema Asilimia.

— Binti, jifunze kwa shangazi yako. Vitabu havifundishi hayo.

Niliutazama mkono ule ukitoka majini, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Hakuukung'uta. Hakuwa na sababu ya kuukung'uta.

Sasa niseme ninachokijua, na ambacho siku hiyo nilikuwa nimeapishwa nisikiseme. Kwa miaka sita shangazi ameketi mbele ya simu kumi kuukuu zilizofungwa mezani. Anachomeka kikandio, anakifumbata mkono wa kushoto, anahesabu mpaka tano. Kikitetemeka, kulia. Kisipotetemeka, kushoto. Elfu mbili kwa siku, na zaidi siku za oda kubwa. Mkono wa kushoto ukichoka, anatumia wa kulia. Mwaka juzi vidole vilianza kuwa vyeupe asubuhi za baridi, vyeupe kama mshumaa. Mwaka jana vilikufa ganzi na havikuamka. Hawezi kufunga vifungo vya shati. Akishika vijiti vya kulia anavitazama, kama mtu anayemchunga mtoto wa wenyewe.

Lakini kazi aliendelea nayo, na hakukosea, kwa sababu vikandio vya zamani vilikuwa na kelele. Alivipima kwa sikio. Baada ya mwaka mpya Tepu akaleta toleo jipya, la kimya, ili mtu wa ofisini ajikande shingo kikaoni bila mtu kujua. Ndipo maboksi yakaanza kujaa. Kikandio kipo mkononi, mkono hausikii, sikio nalo halisikii. Akiwa na shaka anakiweka kushoto, kwa sababu hataki kibovu kimfikie mnunuzi. Shangazi yangu ni mwaminifu hata anapokosea.

— Miezi minne, — aliniambia usiku alioniapisha. — Imebaki miezi minne michango yangu ifikie miaka kumi na tano. Isipofika, hakuna pensheni. Tepu akijua, atanipa mkono wa kwaheri kabla ya wiki. Miezi minne, mwanangu, halafu kaseme hata redioni.

Nikaapa. Mimi ambaye chuoni naitwa Msumeno, nikafunga mdomo na kuja kila Jumatano kusikiliza wanaume wakieleza dunia.

Shangazi aliwamiminia chai. Kikombe cha kwanza alimpa Sumaku. Desturi inasema aanze mkubwa kwa umri, naye ni Asilimia. Asilimia aliguna.

— Leo mimi wa kwanza? — Sumaku alishangaa.

— Kunywa tu, kaka, — alisema shangazi, macho chini, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha karakana na uji wake.

— Amekuhurumia, — alisema Tepu. — Hata yeye anajua mota zako zimekwisha. Sikiliza, nimefikiri sana kuhusu ghala lako. Liko wapi? Juu ya reli ya chini kwa chini. Treni ngapi zinapita kwa siku?

— Sijui. Nyingi.

— Nyingi! Na treni ni nini? Chuma. Chuma kinakimbia chini ya sumaku zako mchana kutwa. Kila treni inayopita inaondoka na kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Kaka, abiria wote wale wangekuwa wamegandana.

— Umepanda treni saa mbili asubuhi? Hawajagandana?

Hata mimi nilicheka hapo, Mungu anisamehe. Sumaku aliona anashindwa kwa vicheko, jambo ambalo kijiweni ni sawa na kushindwa kwa hoja.

— Haya, na mimi niseme. Kabla yako, Tepu, karakana yako ilikuwa ya nani?

— Ya mzee wa vitu vya makaburini.

— Alikuwa akitengeneza nini?

— Vitu vya karatasi. Nyumba, magari... vya kuwachomea marehemu.

— Na simu!

— Na simu, — Tepu alikiri.

Asilimia aliinua mkono, akasimama. Hasimami mara kwa mara.

— Nyamazeni. Nyamazeni kabisa. Nimepata. Baada ya wiki mbili ni siku ya kufagia makaburi, sivyo? Mwaka jana tuliwachomea wazee wetu nini? Simu za karatasi. Asilimia mia, kila ukoo. Mimi baba yangu nilimchomea mbili, moja ya akiba. Sasa naomba mtu aniambie: nani alichoma chaja?

Aliwageukia mmoja mmoja.

— Dakta, ulichoma chaja?

— Sikuchoma.

— Tepu?

— Haikuja akilini.

— Mnaona! Wazee wana simu mwaka mzima, chaji hawana. Umeme wanautoa wapi? Wanauvuta kwetu. Na wanauvutia wapi? Pale walipopazoea, kwenye karakana ile ile simu zao zilipotengenezwa! Mota haina kosa, simu haina kosa, treni haina kosa. Ni baba yangu anampigia simu mama.

Dakta alivua miwani. Tepu alikuwa mdomo wazi. Nadhani kwa dakika nzima waliamini, na nadhani waliona raha, kwa sababu wafu hawawezi kurudishiwa maboksi.

— Kwa hiyo mota zangu zibaki? — aliuliza Sumaku.

— Hapana, — alisema Tepu akizinduka. — Guta nimeshaliita.

Na guta likaja. Si dereva tuliyemzoea. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kofia ya pikipiki ya njano, mikono ya koti imekunjwa, lafudhi ya jimbo la Hunan inayopiga kona kali. Alisema anaitwa Xiaoman, yule wa zamani amerudi kwao kuoa. Dakta alimwaga majani ya chai akaweka mapya, maana mgeni hanyweshwi majani yaliyokwishachoka, na kikombe cha kwanza akampa yeye. Alikishika kwa vidole viwili, akaungua, akakiangusha.

— Moto huu! Mnakunywa chai au mnachomelea?

— Mwachie A-Lang akushikie, — Tepu alicheka.

Xiaoman alimtazama shangazi pale kizingitini. Hakucheka. Akaenda kupakia.

Sumaku aligeuza uso upande wa ukuta. Miaka tisa inapakiwa gutani na mtu huwezi kuitazama. Shangazi aliacha kula. Boksi la kwanza, la pili, la tano, la kumi. La kumi na moja lilikuwa la chini kabisa, lililonyonya jasho la ukuta wiki nzima. Xiaoman alipoliinua, kitako kilibaki sakafuni, na vikandio vikamwagika uchochoroni kama mayai yasiyovunjika.

— Tepu ya njano haijafunguliwa! — Tepu alipiga kelele papo hapo. — Mashahidi, tepu iko vilevile! Kimefunguka kitako!

— Kitako hakimo kwenye desturi, — alisema Dakta taratibu, akitafakari.

— Hakimo, — alikubali Sumaku, naye akitafakari.

Wakati wanatafakari, Xiaoman alichukua kimoja. Alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri. Alichomoa simu mfukoni, akachomeka waya, akakiweka begani, akafumba macho.

— Aaah, mama yangu.

Akakihamishia bega la pili.

— Mnatupa hivi? — aliuliza, macho bado amefumba. — Hiki ni kizima.

— Kimoja hakitoshi kuwa ushahidi, — alisema Asilimia. — Ni asilimia...

Xiaoman alichukua cha pili. Kizima. Cha tatu. Cha nne. Cha saba alimpa Sumaku mkononi, simu bado imeungwa, na Sumaku alikishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wake akiwa hai. Machozi yalimlenga, akasingizia mvuke wa chai.

— Wazee wamekata simu, — Asilimia alinong'ona.

— Nyamaza wewe na wazee wako! — Tepu alikuwa amekuwa mwekundu. — A-Lang! A-Lang, njoo hapa!

Shangazi alikuja. Alijifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilisimama. Alinitazama mara moja, nikaelewa nikae, nikakaa, na sitajisifu kwa hilo.

— A-Lang, hivi ni vizima, — alisema Tepu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe amekosea. — Imekuwaje?

Xiaoman alichukua kikandio kutoka kwa Sumaku, akakiweka kwenye kiganja cha shangazi. Waya ukaning'inia hadi kwenye simu aliyoishika yeye.

— Shangazi, — alisema, — niambie tu. Kinatetemeka au hakitetemeki?

Hilo ndilo swali ambalo shangazi yangu amelijibu mara elfu mbili kwa siku kwa miaka sita. Alifumba kiganja. Akamtazama Tepu usoni, akatafuta jibu. Akamtazama Dakta. Kisha akamtazama Sumaku, ambaye alikuwa anangoja kama mtu anayengojea kusomewa hukumu, na nikaona ameamua. Aliamua kumwokoa.

— Kinatetemeka, — alisema. — Kinatetemeka vizuri sana. Kizima kabisa. Mota haina kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa sina makini, nilikuwa na mawazo. Nisamehe, kaka Sumaku.

Xiaoman aliinua simu yake tuione sote. Kioo kilikuwa cheusi.

— Shangazi, — alisema, na lafudhi yake ya Hunan ilikuwa imelainika, — imeisha chaji tangu hujatoka kule mlangoni.

Karakanani mtu alizima feni. Shangazi alikuwa bado amekifumbata kikandio, na kwa mara ya kwanza niliwaona wanaume wanne wakiutazama mkono wake kama mkono.

— Tangu lini? — aliuliza Dakta.

— Mwaka jana, — nilisema mimi, kwa sababu sasa kiapo kilikuwa hakina cha kulinda. — Vyote vya mwaka jana alivipima kwa sikio.

— Kwa sikio, — alirudia Tepu. Alitazama zile karatasi za dhahabu zilizotawanyika chini, na nadhani aliona haya. Nampa hilo. Si mtu mbaya. Ningependa angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi kuandika.

Xiaoman alikaa kwenye kiti cha plastiki.

— Kaka yangu alikuwa akisugua fremu za simu kwa mashine, Dongguan huko. Vidole vikawa vyeupe hivihivi. Iko hospitali ya magonjwa ya kazini, wanaujua ugonjwa huu, una jina. Lakini hawakuandikii kuwa ni wa kazini bila barua ya tajiri yako: kazi gani, tangu lini, saa ngapi kwa siku. Kaka hakuandikiwa. Sasa anafuga bata, na ndoo anaibeba kwa kiwiko. — Aligeuka. — Nani wa kumwandikia huyu?

Asilimia alikumbuka ana mpangaji anamsubiri, lakini hakuondoka. Sumaku alisema:

— Mwandikie, Tepu. Maboksi nayachukua yote, hata yakiwa mazima. Niyachukue kama mabovu, yaishe. Mwandikie tu.

— Si maboksi, Sumaku. — Tepu alipangusa uso. — Nikiandika, wakaguzi wanakuja. Wakija, karakana inafungwa. Wako wanawake kumi na mmoja mle ndani.

— Na wao wanapima kwa mkono? — niliuliza.

Alimgeukia shangazi.

— A-Lang, — alisema, — tufanye hivi. Nitakutafutia kazi nyepesi. Kubandika karatasi. Michango yako nitalipa mpaka mwezi wa saba, utimize. Neno langu hili mbele ya mashahidi. Ila mambo ya barua tuyaache.

Nilimwona shangazi akipiga hesabu. Siku zote nilidhani angeishika ofa kama hiyo kwa mikono miwili na kushukuru. Alikiweka kikandio mezani, katikati ya vile vikombe vitatu; alilazimika kutazama ili ajue kimemtoka mkononi.

— Nataka vyote viwili, — alisema. — Michango nimeifanyia kazi. Barua nimeifanyia kazi pia.

— Vyote viwili haiwezekani, A-Lang.

— Kwa nini? — aliuliza Xiaoman.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama dereva mgeni anayeuliza barabara hii inatokea wapi. Tepu alifungua mdomo. Alimtazama Dakta, ambaye simu elfu kumi hazikumfundisha hilo. Akamtazama Asilimia, na Asilimia, nashuhudia, hakutaja hata asilimia moja. Majani mapya yalikuwa yamekwisha kuiva na kupitiliza, chai imekuwa chungu kama dawa, na hakuna aliyeimimina.

Maboksi yalishushwa, guta likaondoka tupu. Hiyo ilikuwa Jumatano iliyopita. Sumaku amepewa oda mpya, shangazi anabandika karatasi za dhahabu, na anapima mwanamke mwingine, wa miaka ishirini na mbili, kwa mkono. Barua haijaandikwa. Kila siku baada ya kipindi cha mwisho napita uchochoroni, nasimama mbele ya karakana, nauliza yale maneno mawili ya Xiaoman, kwa nini, na jana wawili kati ya wanawake kumi na mmoja walitoka wakasimama na mimi. Chai ipo, benchi lipo. Tepu siku hizi anakunywa ndani, amefunga mlango.